Ujumbe si pesa: Namna ya kujikinga na matapeli wa malipo ya simu na mtandaoni

Chukua mfano wa duka la nafaka mjini Ukunda, siku ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Foleni ni ndefu. Mteja ambaye mwenye duka hajawahi kumwona anaagiza mchele, sukari na mafuta ya kupikia, jumla yake Sh8,450. Nje, boda boda inamngoja injini ikiwaka. Mteja anabonyeza simu yake, kisha anasema, "Mama, nishatuma. Angalia simu."

Simu ya mwenye duka inalia. Ujumbe umeingia: kuna neno la kuthibitisha, kuna kiasi, kuna jina la aliyetuma, kuna tarehe na saa, na mwishoni kuna salio jipya. Mzigo unapakiwa na boda boda inaondoka. Saa mbili usiku, mama huyo anapofunga hesabu, anakuta salio lake halikuongezeka hata shilingi moja. Ujumbe ule haukutoka kwa kampuni ya simu. Uliandikwa na mtu na kutumwa kutoka kwa nambari ya kawaida. Hata salio lililoandikwa halikuwa lake, ila kwa haraka ile hakuna aliyelisoma.

Sh8,450 ni faida ya siku nyingi kwa duka dogo. Ni pesa za kununua bidhaa za wiki inayofuata, au karo ya mtoto iliyokuwa ikikusanywa kidogo kidogo. Zikishaondoka hivyo, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kujikinga kabla ya hapo ni kazi ya sekunde chache tu, na ndiyo somo la makala haya.

Kwa nini utapeli huu umeenea

Huduma ya M-PESA ilianza nchini Machi 2007. Leo mkazi wa Kwale analipa nauli, maji ya kunywa, samaki wa Gazi na hata madafu ya barabarani kwa simu. Huduma za serikali ya kitaifa zilizo kwenye mfumo wa eCitizen nazo hulipiwa kupitia nambari moja ya Paybill, 222222. Mwananchi haitaji kubeba noti wala kupanga foleni ya benki.

Urahisi huu una upande wa pili. Pesa zinaweza kuondoka mkononi mwa mtu usiku wa manane, akiwa kitandani, kwa kubonyeza mara chache. Mtu mmoja anaweza kutuma hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja wa M-PESA na hadi Sh500,000 kwa siku. Kosa dogo laweza kuwa hasara kubwa.

Wengi hudhani kuwa tapeli wa mtandaoni ni fundi wa kompyuta anayevunja mitambo. Mara nyingi sivyo. Anachovunja ni umakini wa mwenye pesa. Yeye hana nambari ya siri, kwa hiyo anamfanya mwenyewe aibonyeze. Ili afaulu anahitaji vitu vitatu: habari, hisia na haraka.

Habari ni jina la mtu, nambari ya kitambulisho, jina la mtoto na shule anayosoma. Hisia ni hofu kwamba laini itafungwa, furaha ya kushinda zawadi, huruma kwa mgonjwa, au aibu ya kuonekana mtu asiyewaamini wateja. Haraka ndiyo inayofunga kazi, kwa sababu mtu akipewa dakika tano za kufikiri, hadithi nyingi za matapeli huporomoka.

Kanuni moja inayotosha

Ushauri kuhusu utapeli huwa mrefu, na mtu aliye sokoni hawezi kuukumbuka wote. Lakini karibu ushauri wote unaingia katika kanuni moja: usihakikishe jambo kwa njia uliyopewa na anayekuomba pesa, lihakikishe kwa njia unayoijua mwenyewe.

Akikuonyesha ujumbe, wewe angalia salio lako. Akikupigia simu akisema anatoka benki, kata simu kisha upige wewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako. Akikutumia kiungo, usikibonyeze. Andika mwenyewe anwani ya tovuti. Akisema ni ndugu yako aliyebadilisha simu, mpigie ndugu huyo kwa nambari yake ya zamani, au umuulize mtu mwingine wa nyumbani. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kanuni hii ikitumika katika mambo ambayo wakazi hukutana nayo.

Kwa wenye maduka, vibanda na boda boda

Ujumbe halisi wa M-PESA huingia kwa jina MPESA, si kwa nambari ya simu ya mtu, na hujipanga chini ya jumbe nyingine za zamani za huduma hiyo. Huwa na msimbo wa herufi na tarakimu 10, na salio lililotajwa hulingana na hesabu ya mwenye simu. Ujumbe unaotoka kwa nambari ya kawaida, hata ukiandikwa vizuri namna gani, si malipo.

Hata hivyo, muuzaji asitegemee macho peke yake. Jioni, kwenye giza na kelele, ujumbe wa uongo hufanana na wa kweli. Picha ya ujumbe iliyotumwa kwa WhatsApp haina uzito kabisa, kwani yeyote anaweza kuitengeneza. Shahidi wa kuaminika ni salio. Afungue menyu ya *334# au programu ya M-PESA kwenye simu yake mwenyewe na aangalie kabla mzigo haujatoka dukani.

Kuna utapeli mwingine ambao malipo yake huwa ya kweli. Mnunuzi hutuma pesa, huchukua bidhaa, kisha huomba kampuni ya simu irejeshe malipo akidai alikosea nambari. Kinga ya kwanza ni kutenganisha pesa za biashara na za nyumbani kwa kutumia Till au Pochi la Biashara, badala ya nambari ya kibinafsi. Kinga ya pili ni daftari: tarehe, msimbo wa muamala, bidhaa zilizotolewa na, ikiwezekana, sahihi ya aliyechukua. Muuzaji akiulizwa kuhusu malipo hayo, atakuwa na la kuonyesha.

Kwa mwenye boda boda anayetumwa kuchukua mzigo, ni vyema ahakikishe pia kwamba aliyemtuma ameshalipa. Mara nyingine tapeli huwa hayupo dukani kabisa. Anapiga simu tu, na mwendeshaji ndiye anayebaki akijibu maswali ya polisi.

Kwa wanaonunua mtandaoni

Simu, viatu, makochi na hata mbuzi sasa huuzwa Facebook, Instagram na TikTok. Wauzaji wengi ni waaminifu. Tapeli hujificha kati yao kwa kutumia picha nzuri zilizochukuliwa kwingine na bei iliyo chini sana ya ile ya soko. Kisha huomba malipo kabla ya bidhaa kuonekana, na kusema kuna wateja wengine watatu wanaoitaka.

Hapa Kwale, jambo hili hugusa hasa nyumba. Mgeni anayetafuta nyumba ya likizo Diani, au mwanafunzi anayetafuta chumba cha kupanga, huonyeshwa picha za nyumba ambayo ipo kweli, ila anayeitangaza si mwenye nyumba wala wakala wake. Anaombwa amana ili "asipitwe". Akifika, anakuta mlinzi ambaye hajawahi kulisikia jina lake.

Njia ya mteja mwenyewe hapa ni miguu yake, au ya mtu anayemwamini aliye karibu. Nyumba isilipiwe kabla mtu hajaingia ndani yake na kuzungumza na mwenyewe au mtunza nyumba. Bidhaa ya mtandaoni ilipwe inapofikishwa, baada ya kufunguliwa na kukaguliwa. Muuzaji akikataa masharti hayo yote, bei yake nzuri haina maana.

Wakati wa kutuma pesa, mfumo wa M-PESA huonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, na huacha sekunde chache za kusitisha. Jina hilo lisomwe. Kama tangazo ni la duka la samani na jina linalotokea ni la mtu asiyejulikana, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Wanaolipa kwa kadi ya benki wajue kwamba tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi ni kama ufunguo wa nyumba. Haziandikwi kwenye ujumbe wala kutumwa kwa picha. Vivyo hivyo msimbo wa kutumika mara moja ambao benki hutuma kwa simu ya mteja: ni wa mteja kuuandika mwenyewe kwenye muamala alioanzisha yeye, si wa kumsomea mtu aliyepiga simu. Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti huonyesha kuwa mawasiliano yamefichwa njiani. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Simu ya mtu asiyejulikana

"Mama, samahani sana, nimekutumia Sh3,000 kimakosa. Ni za dawa za mtoto. Nirudishie tafadhali." Kabla ya simu hiyo, ujumbe huwa umeshaingia. Anayepokea huona huruma na kutuma Sh3,000 zake mwenyewe.

Jibu sahihi ni la adabu na fupi: mtumaji apeleke ujumbe wake wa muamala kwa nambari 456, ambayo Safaricom imeiweka kwa ajili ya kurejesha pesa zilizotumwa kimakosa. Aliyekosea kweli hatapoteza kitu kwa kufuata njia hiyo. Anayekataa na kuanza kulia, kutisha au kutukana ameshajibu swali. Na ikiwa pesa zimeingia kweli, zisitumiwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuzuia kwa makusudi malipo yaliyokufikia kwa makosa ni kosa la jinai, lenye faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Simu nyingine hujifanya ya mhudumu wa wateja. Laini inafungwa leo, asema, au kuna zawadi inangoja, au usajili haujakamilika. Safaricom imewaeleza wateja wake kuwa huwapigia kutoka nambari 0722 000 000 pekee. Hata simu inapotoka kwa nambari hiyo, hakuna mhudumu wa kweli wa kampuni yoyote ya simu au benki anayehitaji nambari ya siri ya mteja. Asipewe, na isibonyezwe wakati anazungumza.

Tahadhari pia itolewe kwa mtu anayemwelekeza mwenzake kubonyeza nambari za ajabu. Msimbo unaoanza kwa *21* ukifuatwa na nambari ya simu huhamisha simu zote zinazoingia kwa mtu huyo mwingine. Aliyebonyeza kwa kudanganywa anaweza kuuondoa kwa ##21#.

Aliyempa tapeli nambari ya siri asidhani kwamba hasara inaishia kwenye salio lililokuwepo. Kupitia Fuliza, huduma ya mkopo wa papo hapo iliyoanza 2019, mwizi anaweza kutumia hata pesa ambazo mwenye simu hana. Mwenye simu hubaki na deni.

Laini inapozima ghafla

Katika utapeli wa kubadilisha laini, mwizi hujifanya mwenye nambari, husema simu imepotea na kupewa laini mpya yenye nambari ileile. Kuanzia hapo, simu na jumbe zote, pamoja na misimbo ya benki, humfikia yeye. Dalili ya kwanza ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu moja, ilhali simu za majirani zinafanya kazi.

Ili afaulu, mwizi huhitaji habari za mtu: nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari anazopiga mara kwa mara. Nakala za vitambulisho zisiachwe ovyo, na picha ya kitambulisho isitumwe kwa mtu asiyejulikana anayeahidi kazi au mkopo. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *106# ili kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na *100*100# ili laini yake isibadilishwe mahali pengine isipokuwa katika maduka ya kampuni hiyo. Wateja wa mitandao mingine waulize katika maduka ya kampuni zao.

Kazi, basari na mikopo ya uongo

Matapeli hupenda kutumia jina la serikali kwa sababu watu huliheshimu. Kijana aliyemaliza chuo huambiwa jina lake limepita, kilichobaki ni "pesa kidogo ya faili". Mzazi huambiwa alipe ili basari ya mtoto itoke.

Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, uajiri katika kaunti husimamiwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na nafasi hutangazwa hadharani. Kazi hainunuliwi, na basari hailipiwi. Anayeombwa pesa kwa lolote kati ya hayo aende katika ofisi ya bodi au ya msimamizi wa wadi na aulize ana kwa ana. Vivyo hivyo kwa leseni za biashara na ada nyingine za kaunti: malipo hayafanywi kwa nambari ya simu ya kibinafsi ya afisa yeyote. Mwenye shaka aulize ofisi ya mapato iliyo karibu naye na adai risiti.

Kuhusu mikopo, dalili ni moja. Anayetaka kukukopesha hana sababu ya kukuomba umtumie pesa kwanza. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022 na inayopatikana kwa *254#, haina ada ya kujiunga inayotumwa kwa mtu binafsi. Kwa wakopeshaji wengine wa kidijitali, Benki Kuu ya Kenya huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya waliopewa leseni.

Aliyekwisha kutapeliwa afanye nini

Saa ya kwanza ndiyo muhimu, kwa sababu pesa ambazo hazijatolewa kwa wakala zinaweza kuzuiwa. Wengi huipoteza saa hiyo kwa aibu, au kwa kubishana na tapeli kwenye simu. Hatua zifuatwe kwa mpangilio huu:

1. Apeleke ujumbe wa muamala kwa 456 ikiwa pesa zilitumwa kwa M-PESA, kisha apigie kampuni ya simu, 100 kwa wateja wa malipo ya kabla.

2. Abadilishe nambari ya siri ikiwa aliitaja kwa mtu. Ikiwa akaunti ya benki imeguswa, apigie benki na kuomba kadi au akaunti isimamishwe.

3. Apeleke ujumbe wa kitapeli, pamoja na nambari ya aliyeutuma, kwa 333, nambari ya Safaricom ya kuripoti ulaghai bila malipo.

4. Asifute chochote. Jumbe, picha za tangazo, nambari za simu na saa ya kila tukio ndivyo vielelezo vyake.

5. Aende kituo cha polisi kilicho karibu, aandikishe taarifa na apewe nambari ya OB. Taarifa pia zaweza kutolewa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwa nambari ya bure 0800 722 203.

6. Awaarifu jamaa na marafiki, hasa ikiwa akaunti yake ya WhatsApp au Facebook imechukuliwa, kwani wao ndio wanaofuata kuombwa pesa kwa jina lake.

Sheria ya 2018 iliweka adhabu nzito. Anayetumia ujumbe au tovuti ya uongo kumvuta mtu atoe siri zake anaweza kutozwa faini ya hadi Sh300,000 au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote. Kwa ulaghai wa kompyuta, faini hufika Sh20 milioni na kifungo miaka 10. Lakini sheria haiwezi kuanza kazi bila mlalamishi. Aliyenyamaza kwa aibu humwachia tapeli nambari ileile ya kumpigia jirani.

Mazungumzo ya nyumbani

Wazee wanaopokea pesa kutoka kwa watoto wao walio Mombasa, Nairobi au ng'ambo hulengwa sana, kwa vile wengine hutegemea mjukuu au jirani kuwasomea jumbe. Si vyema kumcheka mzee aliyetapeliwa. Ni bora familia ikubaliane mapema juu ya jambo moja: ombi lolote la pesa la dharura lithibitishwe kwa kupiga simu na kusikia sauti, na kuwepo swali ambalo jibu lake wanalijua wao tu. Na nambari ya siri ya mzee abaki nayo mwenyewe.

Turudi kwenye duka la nafaka. Ijumaa inayofuata, foleni ni ileile na boda boda zinanguruma nje. Ukutani, juu ya mizani, kuna kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: "Mzigo hutolewa baada ya kuangalia salio. Samahani kwa kukuchelewesha." Mteja anasema ameshatuma. Mwenye duka anaitikia, "Ahsante, mwanangu, nipe nafasi kidogo," kisha anafungua menyu ya simu yake. Mteja aliyelipa husubiri nusu dakika na kuondoka na mzigo wake. Yule asiyelipa hukumbuka ghafla kwamba ameacha kitu kwenye boda boda.